Nimeuziwa wiki ya ufukweni, na mama yuko peke yake Tukuyu

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nimestaafu mwaka huu nikiwa na miaka 60, naishi Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita nilikuwa Dar kwa binti yangu, tukapigiwa simu kwamba tumeshinda chakula cha mchana hotelini. Tulipofika wakatuonyesha picha na video kwa saa tatu, wakaniuzia kitu kinaitwa taimshea: shilingi milioni 16, nipate wiki moja kila mwaka kwa miaka 25 kwenye hoteli ya ufukweni Mombasa. Kuna pia ada ya matunzo, shilingi 850,000 kwa mwaka. Nilisaini fomu, nikalipa laki tano. Wamenipa hadi Ijumaa ijayo kulipa nusu ya fedha. Sasa nikirudi huku nakuta ndugu wamegawanyika kuhusu mama. Ana miaka 84, yuko kijijini karibu na Tukuyu na mjukuu anayesoma sekondari. Kaka yetu mkubwa anataka tuuze shamba lake la parachichi tumlete mjini. Mdogo wetu aliyeko Marekani anasema kule wazee wanakaa kwenye nyumba zao maalumu, tutafute ya hapa, atalipa. Dada zangu wanasema tumpokee kwa zamu, miezi miwili miwili. Nianze na lipi?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Hongera kwa kumaliza utumishi salama, na pole kwa mivutano ya nyumbani.

Nilitumikia ustawi wa jamii miaka mingi, Iringa kwanza kisha Mbeya, na tangu nilipostaafu wenzangu huniletea mikataba yao niwasomee kabla hawajasaini. Ukweli ni kwamba wengi huniletea wakiwa wamekwisha kusaini. Wewe umenifikia ukiwa katikati, na hiyo ni nafuu kubwa.

Umeuliza mambo mawili, lakini nikiisoma barua yako naona kosa moja linawanyemelea wote, wewe, kaka yako na huyo mdogo wenu. Kila mmoja ametazama namna ya kuingia, hakuna aliyeuliza namna ya kutoka. Kijana wa miaka 35 akiingia pabaya ana miaka 25 ya mshahara ya kujirekebisha. Wewe na mimi hatuna. Mkupuo wa pensheni hauji mara mbili, na kwa kelele zote za kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, tulizozisikia, sina haja ya kukueleza ulivyopatikana.

Tuanze na Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ina tarehe.

Taimshea si utapeli kwa asili yake. Ni biashara ya zamani ya kugawana nyumba ya mapumziko kwa zamu. Ilianzia Ulaya miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianzishwa mwaka 1963 kwa wazo hilohilo. Wamarekani wakaikuza, na mwaka 1974 ikazaliwa kwao RCI, ambayo kazi yake ni kubadilishana: mwenye wiki yake Florida anaiweka kapuni, anachukua ya mwenzake wa Hispania. Afrika Kusini ilishamiri kiasi cha kutungiwa sheria yake mwaka 1983. Kwa hiyo waliokualika chakula hawakubuni jambo jipya. Wamekuletea kitu ambacho wenzetu wamekaa nacho miaka sitini, na wenye nacho wana mengi ya kusimulia.

Chukua fomu yako usome umenunua nini hasa. Wiki yenyewe inaweza kuwa na tarehe zilezile kila mwaka. Inaweza pia kuwa ya kuomba, yaani unaandika mapema na anayewahi ndiye anayepata, na hapo ujue Krismasi na Pasaka huisha wewe bado unatafuta miwani. Siku hizi wengi hawauzi wiki tena, wanauza pointi, na thamani ya pointi hupangwa na muuzaji mwenyewe. Halafu tazama kama kuna neno la kumiliki. Kwa miaka 25 uliyoandika, nina hakika hukununua hata tofali moja. Umenunua haki ya kulala siku saba. Ni haki, sikatai, lakini hakuna benki itakayoishika kama dhamana, na usiiite kiwanja unapowaeleza wanao.

Sasa hesabu, nawe ni mwalimu. Milioni 16 ukigawa kwa miaka 25 ni 640,000 kwa kila wiki. Ongeza ada ya mwaka wa kwanza, 850,000. Wiki yako ya kwanza imekugharimu 1,490,000 kabla hujapanda basi la kutoka Mbeya hadi Dar, kilomita zaidi ya 800, na lingine la kuvuka mpaka, na kabla hujala. Hiyo ada nayo haikai palepale. Tuseme inapanda asilimia 6 kwa mwaka: inajirudufu kila baada ya miaka 12, kwa hiyo ukiwa na miaka 72 unalipa kama 1,700,000, na ukiwa na miaka 84, umri wa mama leo, unakaribia milioni tatu na nusu. Jumla ya ada kwa miaka yote 25 inapita milioni 46. Nimerudia hesabu hiyo mara mbili kwa kalamu kwa sababu sikuiamini. Milioni 16 ndiyo iliyokutisha, kumbe ndiyo ndogo.

Na ada haiulizi kama ulikwenda. Umelazwa, unadaiwa. Umefiwa, unadaiwa. Hoteli imechakaa, paka wanazaana jikoni, unadaiwa, na pengine unaongezewa mchango wa ukarabati. Soma pia kifungu cha warithi. Iko mikataba inayosema deni la ada linahamia kwao.

Hapo ndipo ninapokuuliza mlango wa kutokea. Wauzaji husema utaiuza ukichoka. Kwa waliotutangulia, Marekani na Ulaya, wiki zilizonunuliwa kwa maelfu ya dola hutangazwa kwa dola moja na zisipate mtu, kwa sababu mnunuzi naye anajua kwamba anachopokea ni ada. Kuchoka huko kukazaa wezi wapya: wanaompigia simu mwenye wiki na kumwambia wamempatia mteja, alipe kwanza gharama za uhamisho. Analipa, mteja hatokei. Biashara hiyo ya wizi imenona mno, hata mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Meksiko zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco, kwa kuwaibia wazee wa Kimarekani kupitia taimshea zao. Ukiona genge la kokeini limeingia kwenye uuzaji wa wiki za likizo, ujue wanaotafuta kutoka ni wengi kweli.

Ulaya waliliona mapema. Kwa mwongozo wao wa mwaka 2008, mnunuzi ana siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti moja katika siku hizo. Florida wanatoa siku 10. Ngao hizo ni za mikataba ya kwao, hazikufuati Uyole. Lakini zinakufundisha kipimo: muuzaji anayejiamini hukupa muda wa kwenda kulala na kufikiri. Wa kwako alichukua laki tano saa ileile, na sasa anakuhesabia siku.

Fanya hivi kesho, usingoje Alhamisi. Usilipe ile nusu. Andika barua fupi ya kujitoa: jina lako, tarehe uliyosaini, namba ya fomu, kwamba hutaendelea na unaomba laki tano yako. Usijieleze sana wala usiombe radhi. Maelezo yako ndiyo ngazi yao ya kupandia. Itume kwa baruapepe, na nakala kwa rejista ya posta, utunze risiti. Wakipiga simu, na watapiga, wakikupa punguzo la milioni nne kwa leo tu, sema yote yaandikwe. Halafu peleka fomu kwa mwanasheria ukajue kama ni mkataba kamili au ni maombi ya nafasi, na ni nchi gani sheria yake inatawala. Hoteli iko Kenya, ulisaini Dar, na kampuni huenda imesajiliwa kisiwani usikowahi kukusikia. Kama fedha ya wakili inasumbua, tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuelekeza kwa watoa huduma. Kama uliyoambiwa kwa mdomo siyo yaliyo kwenye karatasi, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na wafanyabiashara wanaopotosha walaji. Laki tano inaweza isirudi. Iache iende peke yake, isiite wenzake.

Wako wanaofaidi taimshea, nisiwe mchoyo. Ni watu wanaoishi mwendo wa saa mbili au tatu kutoka hotelini, wanaopenda mahali palepale kila mwaka, ambao ada ile kwao ni fedha ya mboga. Mwalimu mstaafu wa Uyole hayumo.

Kupumzika lakini unastahili, na usimruhusu mtu akuone mwenye anasa kwa kutaka wiki moja ya maji na mchanga baada ya miaka 35 ya chaki. Milioni 16 ukiiweka mahali penye faida ya, tuseme, asilimia 10, hatifungani za serikali kwa mfano, yaani kuikopesha serikali kwa riba, inakupa milioni 1.6 kwa mwaka na mtaji umelala palepale. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mbeya, nenda ukaulize mnada ujao ni lini na riba ikoje. Ukitaka fedha unayoweza kuitoa upesi, uliza mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Kwa milioni 1.6 unakwenda Matema unakaa siku zako saba, milima ya Livingstone nyuma, Ziwa Nyasa mbele, Jumamosi unakwenda soko la vyungu la Wakisi pale Lyulilo. Mwaka unaofuata unakwenda Kitulo maua yakiwa yamefunguka, kati ya Desemba na Aprili. Ukitaka bahari kwelikweli, wewe sasa hufungwi na mihula ya shule: nenda pwani msimu wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinashusha bei kwa sababu wageni wa Ulaya hawapo. Utanyeshewa kidogo. Mtu wa Rungwe, wilaya yenu ya Tukuyu, haogopi mvua.

Sasa mama.

Nimesoma mapendekezo matatu ya nduguzo na sijaona mahali mmoja wenu alipoeleza mama anaweza nini na hawezi nini. "Ana miaka 84" si maelezo. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha kipimo ambacho mpaka leo wauguzi wanakitumia, nacho ni cha mambo sita tu: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kukaa kitini, kuzuia haja, na kula. Nenda ukakae naye siku tatu, utazame bila kuuliza. Asiyeweza kuoga peke yake lakini mengine anaweza anahitaji mtu wa saa moja asubuhi. Asiyeweza kuinuka anahitaji mtu usiku na mchana. Kisha tazama mambo ya kundi la pili, ambayo huwa yanatangulia kuharibika: dawa, fedha, moto wa jikoni, simu. Hesabu vidonge vyake vya presha. Kama vilipaswa kubaki kumi na vimebaki ishirini na tatu, hapo ndipo tatizo lilipo, na suluhisho lake huenda ni kisanduku cha vidonge chenye siku saba na mjukuu wa kumkumbusha kabla ya kwenda shule. Hakuna haja ya kuuza shamba.

Nimjibu kwanza mdogo wenu, kwa heshima, maana yeye ndiye mwenye mkoba. Nyumba za wazee anazoziona kule ni za madaraja: za wanaojiweza, za wanaosaidiwa kuoga na kuvaa, na za uuguzi wa muda wote. Hulipiwa kila mwezi, na gharama zake huwatoa Wamarekani wenyewe jasho, kwa sababu Medicare, bima ya serikali yao kwa wenye miaka 65 na kuendelea, hailipii matunzo ya muda mrefu ya kuogeshwa na kuvishwa. Kwetu mpango ni mwingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele, na makazi ya wazee ni kimbilio la mwisho. Makazi ya serikali, kama Nunge ya Kigamboni au Fungafunga ya Morogoro, yamewekwa kwa wazee wasio na ndugu wala uwezo. Mama mwenye watoto watano, mmoja akiwa Marekani! Afisa ustawi atakayekuja kufanya uchunguzi atakunywa chai yenu, kisha atawauliza maswali ya aibu. Nasema hivyo kwa sababu nimeyauliza mimi.

Dada zako nao, naomba wanisamehe. Zamu ya miezi miwili miwili inasikika kama haki, kila mtoto abebe sehemu yake. Mkiitazama vizuri mmemgeuza mama kuwa taimshea. Kila baada ya wiki nane anafungasha kanga, anabadilisha kitanda, choo kiko upande mwingine, usiku anaamka anapapasa ukuta usiokuwapo. Wazee wengi huanguka usiku wakienda chooni, na nyonga ikivunjika katika umri ule mambo yanakuwa mengine kabisa. Kama ameanza kusahau, kuhamahama kunaongeza kuchanganyikiwa. Kadi za kliniki zinabaki kwa dada wa kwanza, dawa kwa wa pili. Gawaneni zamu, lakini wa kuzunguka muwe ninyi. Yeye akae.

Na kaka mkubwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa analotaka kulifanya nililifanya mimi.

Baba yangu alikuwa Mufindi. Mama alipofariki nikamhamishia Mbeya, nyumba nzuri, umeme, maji ndani, karibu na barabara kuu ya Zambia. Shamba tukaliuza, nyumba yake tukampa binamu. Sikumuuliza, nilimwambia. Kila asubuhi mzee alitoa kigoda akakaa getini akihesabu malori yanayokwenda Tunduma. Jioni ananipa idadi. Nilidhani amepata mchezo, hata nikawa namtania. Mwezi wa saba akaniomba nimrudishe nyumbani, na nikagundua kwamba nyumbani hakupo tena: binamu ana watoto wanne, shamba lina miti ya mtu. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu mmoja wa kumwita kwa jina lake la utotoni. Aliyemwokoa ni mzee wa jirani aliyekuwa na bao. Miaka yake miwili ya mwisho aliiishi kwenye bao lile, kwangu alikuja kulala.

Ninyi Wanyakyusa, watu wa Tukuyu, mlilijua jambo hili kuliko sisi wote. Zamani, mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi alitoka kwa wazazi, akajenga kibanda na wenzake pembeni ya kijiji, wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka humohumo. Kijiji cha rika namna hiyo kiliitwa ipanga, na raha ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kucheka, ina neno lake: ukwangala. Wanawake waliishi humo kwa waume zao, lakini nao wakawa na majirani wa umri wao. Sasa unapotaka kumtoa bibi wa miaka 84 kwenye migomba yake, usihesabu vyumba ulivyonavyo Uyole. Hesabu nani atabisha hodi. Kule kijijini, kwaya ya akina mama wazee, jirani anayeleta kande, yule anayegombana naye tangu enzi za Nyerere, hao ni sehemu ya matunzo, nao hawauzwi popote.

Sisemi abaki kwa gharama yoyote. Nasema msiuze kitu. Shamba la parachichi likiuzwa kwa bei ya leo, na wanunuzi Rungwe wamejaa, fedha itaishia kwenye vyakula na ada za wajukuu, na mlango wa kurudi utakuwa umejengwa ukuta. Kama ni lazima mmjaribu mjini, aje kwa mwezi mmoja, nyumba yake ikiwa imefagiliwa na ng'ombe wake akinywa maji, na ajue tarehe ya kurudi. Baada ya mwezi yeye mwenyewe atakuambia, na asipokuambia kwa mdomo utaona kwenye sahani.

Akibaki, na kwa ulivyoandika nadhani abaki kwa sasa, mdogo wenu alipe mtu. Siyo binti wa miaka 15 wa kuchota maji. Mama wa makamo wa palepale kijijini, anayejua lugha yake na hachukii wazee, mwenye mkataba wa maandishi na siku ya mapumziko. Fedha ile ambayo ingelipa "nyumba maalumu" inamtosha huyo, na choo cha kukaa chenye vyuma vya kushikia, na taa ya sola kati ya kitanda na choo. Choo kwanza. Nimeona familia zikimnunulia bibi televisheni huku anachuchumaa kwenye shimo lenye utelezi.

Jambo la baridi nalisisitiza kwa sababu nimehudhuria mazishi yaliyotokana nalo. Juni na Julai, huko Rungwe kama huku Uyole, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaofuka ndani hutoa gesi yenye sumu isiyo na harufu wala moshi, mtu analala na haamki. Mpelekee mama blanketi zito, soksi na chupa ya mpira ya maji ya moto, na jiko lilale nje. Mwambie mjukuu pia, maana yeye ndiye atakayemwonea huruma bibi akitetemeka.

Kuhusu matibabu, angalia kadi upesi. Ulipokuwa kazini, NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikubeba wewe, mwenza na wategemezi hadi wanne, wazazi wakiwemo. Kadi ya mstaafu inamhusu mstaafu na mwenza wake. Kama mama alikuwa kwenye kadi yako, ameachwa wazi, na huenda hakuna aliyemwambia. Kama mmoja wa nduguzo bado ni mtumishi, amwandikishe kwake. Ikishindikana, wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji apate kitambulisho. Wewe mwenyewe hakikisha ya kwako imehuishwa kabla hujasafiri kwenda popote.

Mkae kikao kimoja, na kiandikwe. Nani analipa mtunzaji, nani anakwenda kliniki naye, nani anatengeneza bati. Aliye karibu, yaani wewe, hesabu muda wako kama mchango, usikubali kuambiwa hukutoa kitu kwa sababu hukutuma kwa simu. Na hapa ndipo likizo yako inaporudi. Wanaotunza wazazi huchoka mpaka wanawachukia, kisha wanajichukia kwa kuwachukia. Nimewasikiliza wengi wakinilia ofisini. Andikeni kwenye muhtasari kwamba kila mwaka, kwa wiki mbili, dada zako wanakuja Tukuyu kwa zamu na wewe hupigiwi simu isipokuwa kuna msiba. Hizo ndizo wiki za kudai, na hazina ada ya matunzo. Kutoka Tukuyu unateremka Kyela, jioni uko Matema miguu majini.

Uzee wako mwenyewe uuache kidogo, una miaka kadhaa. Ila kama bado unajenga pale Uyole, zuia fundi asikuwekee vigae vya kuteleza, na chumba chako kiwe cha chini, mlango upitishe kiti cha magurudumu.

Kabla ya kikao, nenda kwa mama. Usimuulize kwenye simu yenye spika huku ndugu wanasikiliza, atasema "mtakavyo wanangu". Nenda asubuhi, kaa naye jikoni akimenya ndizi, menya na wewe. Muulize nani alikuja kumsalimu wiki hii, nani hajamwona siku nyingi, usiku huamka mara ngapi, na ni kitu gani ambacho siku hizi anaogopa kukifanya akiwa peke yake. Uandike majibu yake kwa maneno yake, uyasome kikaoni kabla kaka hajafungua mdomo. Barua ya kujitoa itume kesho asubuhi, upite nayo posta ukielekea stendi. Ndaga fijo, asante sana.